Tukirukwa Kwenye Laini, Sote Tunaijua Haki

Jioni moja ya Aprili, mvua ikiwa imelishika jiji, nilisimama kwenye laini ya matatu katikati ya Nairobi. Laini ilikuwa ndefu, imepinda mara mbili kukwepa dimbwi. Nauli ilikuwa imeshapanda kutoka shilingi 70 hadi 150, na hakuna aliyeuliza ni sheria gani inayoyapa mawingu ruhusa ya kupandisha bei. Mbele yangu alikuwapo mzee mwenye koti la kaki, mkononi kabeba pakiti mbili za unga ndani ya mfuko uliokwisha kulowa. Kijana aliyesimama kati yetu alikuwa akisikiliza redio kwenye simu bila kutumia visikizi, kama ilivyo desturi siku hizi. Wakili fulani alikuwa akieleza habari za vijana waliokamatwa wakiandamana, wakawekwa ndani siku kadhaa bila kuonyeshwa hakimu.

Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hizo haki za binadamu ni mambo ya Wazungu," akamwambia kijana. "Sisi tuna mila zetu. Mtoto akikosa, anachapwa."

"Sawa, mzee," kijana akajibu, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kulowa na kubishana kwa wakati mmoja.

Haikupita muda gari likaingia. Jamaa mmoja wa suti, mwenye mwavuli mkubwa, akazuka upande wa mlango, akamnong'oneza makanga jambo, akatia mguu kwenye ngazi. Aliyepaza sauti wa kwanza ni yule yule mzee. "Wewe! Shuka! Hiyo si haki!" Laini nzima ikadakia. Jamaa akajaribu kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akashuka, akarudi nyuma kabisa huku akifuta viatu.

Tukio hilo limenikaa. Mzee hakusema kwamba katika mila zetu haturuki laini. Hakuna mila ya laini ya matatu. Tuliosimama pale tulikuwa na makwetu tofauti, lugha tofauti, na wengine dini tofauti, na laini yenyewe ni kitu kilichozaliwa na jiji juzi tu. Hata hivyo neno moja lilitosha. Mzee alilisema, sote tukalielewa, na zaidi ya yote aliyekosa alilielewa. Asingelielewa asingeshuka.

Mwenye swali la kama haki na maadili ni vya watu wote au kila jamii ina vyake, kwa kawaida huanzia Paris, lilikopitishwa Tamko la Haki za Binadamu. Mimi naona afadhali kuanzia kwenye ngazi ya lile gari.

Tuangalie neno lenyewe. Nairobi neno haki halikauki midomoni. Mtu akishukiwa kachukua simu, "Haki ya Mungu sijaiona." Dada aliyesimama kutwa akiuza nguo soko la Gikomba, "Haki nimechoka." Barabarani watu wakikasirika, wimbo ni "Haki yetu! Haki yetu!" Neno hilo hilo likiunganishwa na "za binadamu" linageuka mgeni mwenye sanduku, tunaanza kulikagua pasipoti. Ajabu ni kwamba hata hilo la pili tulilikaribisha zamani. Haki tuliipata kwa Waarabu, na binadamu vilevile, mwana wa Adamu, neno ambalo ukilifungua ndani yake limebeba hoja nzima: sote tumetoka kwa baba mmoja. Utu ndio tuliokuwa nao toka mwanzo. Kiswahili, kwa hiyo, hakikungoja mkataba wowote ili kijue kumtofautisha mtu na kitu.

Lakini Kiswahili hicho hicho kinatoa silaha kwa upande wa pili. Mwacha mila ni mtumwa. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Hizi si kauli za wajinga. Ni akili ya watu wa bandarini, waliopokea majahazi kutoka kila pembe na wakajua kwamba anayeshuka na vipimo vyake mfukoni, akaanza kuwapima wenyeji, hudumu muda mfupi au huleta vita. Anayesema maadili ni ya kila jamii ana hoja ya kweli: tumeshapimwa sana na watu ambao wenyewe hawakujipima.

Tena walitupima huku wakitupiga. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, nane zikajizuia kupiga kura. Afrika nzima iliwakilishwa na Misri, Ethiopia na Liberia, pamoja na Afrika Kusini ya makaburu. Kenya ilikuwa koloni, haikuwa na kiti wala sauti. Uingereza iliunga mkono kwamba watu wote wamezaliwa huru, na ilipofika Oktoba 1952 ikatangaza hali ya hatari hapa kwetu ili kuwazima wapiganaji wa Mau Mau. Yaliyofuata yanajulikana: kambi na vijiji vya lazima. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola huko Tana River, wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa kwa sababu ya kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua.

Hapo ndipo historia ilipofanya mzaha wake. Jambo la Hola lilipofika bungeni London, Julai mwaka huo huo, hotuba iliyokumbukwa zaidi ilitolewa na Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa madarakani. Alisema Uingereza haiwezi kuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na pengine vya Kiingereza nyumbani kwao. Huyu ndiye Powell ambaye miaka tisa baadaye, mwaka 1968, alitoa hotuba mashuhuri ya kuwaogopesha Waingereza kuhusu wahamiaji weusi na Waasia. Kumbe mtu anaweza kusema ukweli bila kuukaribisha kwake.

Tukirudi kwenye hoja, wale maofisa wa Hola walikuwa wafuasi wa fikra ipi? Mimi nasema walikuwa wanaamini kwamba maadili hutegemea mahali. Mwingereza hapigwi hivi, Mwafrika ni mwingine, anaelewa fimbo. Fikra kwamba kila jamii ina vipimo vyake ilikuwa ndani ya ule mjeledi. Hilo huwa linasahaulika na ndugu zangu wanaosema haki za binadamu ni ukoloni. Mkoloni mwenyewe hakutuletea haki za binadamu. Alitunyima, na sababu aliyoitoa ni kwamba sisi ni wa aina nyingine.

Katika kuandikwa kwa Tamko lile kuna kisa kimoja ambacho wasomaji wa Kiswahili wanastahili kukifurahia. Rasimu ya Kiingereza ya kifungu cha kwanza ilisema wanaume wote wamezaliwa huru, kwa kutumia lile neno lao ambalo wanadai linabeba na wanawake. Hansa Mehta, mjumbe wa India, alikataa, akasisitiza neno libadilishwe, na likabadilishwa. Sasa chukua maandishi ya Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Kwetu ugomvi huo usingezuka. Mtu ni mtu. Na mwisho wa kifungu, Kiingereza kimebaki na undugu wa kiume hadi leo, ilhali Kiswahili kinasema watu "watendeane kindugu", na ndugu anaweza kuwa dada yako. Tafsiri imeirekebisha asili yake. Kwa hiyo mtu akiniambia hati ile ni ya Wazungu, namuuliza: ipi, ile yao au hii yetu iliyo bora?

Najua jibu litakalokuja: basi tuwe na hati yetu wenyewe. Tunayo, na ilipitishwa hapa hapa Nairobi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao wengi huuita wa Banjul kwa kuwa huko, mji mkuu wa Gambia, ndiko ulikoandaliwa, ulikubaliwa na wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Nairobi Juni 1981. Ni hati ambayo haikuiga tu. Inataja haki za watu wakiwa pamoja, si mmoja mmoja peke yake. Inataja wajibu: kuwaheshimu wazazi wakati wote na kuwatunza wanapohitaji. Yeyote aliyewahi kulipwa mshahara Nairobi anakijua kifungu hicho hata kama hajakisoma. Tarehe 30 simu inalia, ni shangazi, na kabla hujamaliza salamu umeshafungua M-Pesa. Tamko la Paris halikuliandika jambo hilo. Linamjua mtu na serikali yake, halimjui shangazi. Hapo wanaotetea utofauti wa jamii wameleta kitu mezani, na ningependa siku moja nisikie mkutano wa haki za binadamu hoteli ya kifahari hapa mjini ukimjadili shangazi kwa uzito.

Ila tazama kilichofuata. Mwenyeji wa mkutano ule alikuwa Rais Moi, falsafa yake ikiwa Nyayo: amani, upendo na umoja. Hayo ni maneno ya kwetu, si ya Paris. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1982, Kenya ikawa kisheria nchi ya chama kimoja. Miaka ya themanini ikiendelea, chini ya jengo la Nyayo House, pale kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kulikuwa na vyumba vya giza ambamo watu walivuliwa nguo, wakapigwa na kuachwa wamesimama ndani ya maji kwa siku kadhaa, wakishukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Mahakama Kuu baadaye iliamuru wengi wao walipwe fidia. Leo ghorofa za juu za jengo hilo Wakenya wanakwenda kuomba pasipoti, wakiwa na picha zao na risiti, na wengi walio chini ya miaka thelathini hawajui wamesimama juu ya nini.

Kifungu cha tano cha Tamko la Paris kinakataza mateso. Kifungu cha tano cha mkataba uliopitishwa Nairobi kinakataza mateso pia. Sijui kama kulingana kwa namba ni bahati tu, lakini nakupa swali: yule aliyesimama ndani ya maji, alihitaji kujua ni kifungu cha tano kipi? Alijua anaonewa. Na aliyemwagia maji alijua vilevile, ndiyo maana chumba kilijengwa chini, bila dirisha. Jambo ambalo ni mila halifichwi chini ya ardhi. Harusi hatuifichi. Matanga hatuyafichi.

Huo ndio msimamo wangu, nauweka wazi kabla sijaanza kuutilia shaka mwenyewe. Kilicho cha watu wote ni lalamiko. Hatua ya kulitatua hutofautiana, maneno hutofautiana, mahakama na mabaraza hutofautiana, lakini kilio cha anayeonewa kinaeleweka Hola, Paris na kwenye laini ya matatu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: waliotunga methali hiyo walikuwa wameshamaliza mjadala, na hawakuhitaji posho ya kikao. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni mila yetu", kabla ya kumuuliza mila hiyo ni ya lini, tuangalie yuko upande gani wa fimbo.

Kipimo hicho kinafanya kazi vizuri mahali pengi. Chukua habari ya kumchoma mwizi. Watu wanasema mwizi hana haki, tena wanasema kana kwamba ni urithi wa mababu. Babu gani alikuwa na tairi na petroli? Mababu wa jamii nyingi za hapa walimtoza mwizi fidia ya mifugo, na hata pale walipoua, wazee walikaa kwanza. Au chukua sheria inayoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta, na hoja iliyosikika sana mitaani ni kwamba jambo hilo si utamaduni wetu. Napita hapa haraka kwa sababu ni makala nyingine nzima, lakini vifungu vile vya "kinyume cha maumbile" viliandikwa na Waingereza enzi za ukoloni. Unaweza kuvitetea kwa dini yako ukitaka. Kwa utamaduni wa Mwafrika ni vigumu kidogo.

Sasa shaka. Ninayo mikasa mitatu ya kusimulia, na haina uzito sawa.

Wa kwanza ni wa mazishi. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Virginia Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika Ngong penye shamba lao. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda, ikarudi, ikapanda, na maiti ikakaa mochari kwa takriban miezi mitano. Wakenya walinunua magazeti kama njugu. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, na tarehe 23 mwezi huo akazikwa Nyalgunga.

Katika kesi ile nani alikuwa na fimbo? Mjane aliomba atambuliwe kuwa mke, aliye wa kwanza kusema mumewe azikwe wapi. Ukoo ulisema mtu si mali ya mtu mmoja, hata mke. Wakatofautisha nyumba na nyumbani: Nairobi mtu ana nyumba, nyumbani ni kule kitovu chake kilikozikwa. Usicheke. Mpaka leo, miaka karibu arobaini baadaye, mtu aliyezaliwa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, akasoma Umoja na kuoa Umoja akiulizwa "kwenu ni wapi?" hajibu Umoja. Mimi naamini mjane alionewa. Kusema hivyo, naweza. Kusema kwamba ukoo haukuwa na haki yoyote ya kumlilia mtoto wao kwa namna yao, siwezi. Malalamiko mawili ya kweli yaligongana, na kipimo changu hakikuniambia lipi litangulie.

Miongoni mwa mashahidi alikuwamo Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeeleza desturi za Waluo. Kazi iliyompa jina Oruka ni ya kuwafuata wazee vijijini na kuwahoji, ili kuonyesha kwamba falsafa haikuja Afrika ndani ya meli. Akagundua wenye hekima wa aina mbili. Kuna mzee anayejua mila yote na kuisimulia bila kukosea, ukimuuliza kwa nini anakujibu ndivyo tulivyokuta. Na kuna mzee anayeijua mila hiyo hiyo kisha akaihoji, akasema hapa babu zetu walikosea, hapa walikuwa sawa na sababu ni hii. Tofauti hiyo ndogo naiona kuwa na thamani kuliko nusu ya vitabu vya mjadala huu. Anayesema "kila jamii na maadili yake" huchukulia jamii kama mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Kumbe ndani ya boma lolote kuna ubishi. Kila mila unayoiona imesimama, kuna bibi fulani jikoni aliyeipinga, na hakuna aliyemwita kwenye baraza.

Mkasa wa pili ni wa tohara ya wasichana, nao ndio ulionifundisha adabu. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke huko Meru, likiwa na msukumo wa utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara hiyo. Wasichana wenyewe wakanunua wembe, wakaenda porini wakatahiriana. Wakaitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Hawa ndio niliosema ndio wanaoonewa, na hawa ndio waliolalamikia marufuku. Wengi walishtakiwa, wazazi wao wakatozwa faini. Mtu aliyebeba jambo la haki huku amevaa kofia ya askari wa hali ya hatari asishangae akipokewa kama askari.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 1996, katika nchi ile ile ya mlima, upande wa Tharaka, akina mama walianzisha ntanira na mugambo, tohara kwa maneno. Msichana anawekwa ndani kama kawaida, anafundwa mambo ya utu uzima, anatoka siku ya sherehe kwa nyimbo, chakula na zawadi. Kila kitu kipo isipokuwa wembe. Kisu kilikuwa mila, na shule iliyokizunguka ilikuwa mila pia. Wakakitoa kimoja wakabaki na kingine. Mwaka 2011 sheria ya kupiga marufuku ikapitishwa, safari hii na Bunge tulilolichagua. Takwimu za taifa zinaonyesha wanawake waliotahiriwa wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa asilimia 38 mwaka 1998 na asilimia 15 mwaka 2022. Sheria ilisaidia, sikatai. Ila walioutoa wembe kwa kuwa walijua unachouma, na walijua vilevile sherehe ile ilikuwa na utamu gani, walifanya kazi ambayo hakuna ofisa angeweza.

Katiba ya 2010 imeliweka jambo hilo kwa namna ninayoipenda. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 2 kinasema sheria yoyote, ikiwamo ya kimila, isiyopatana na Katiba ni batili. Na kifungu cha 19 kinasema haki hizi ni za kila mtu na hazitolewi na serikali. Ile laini ndefu ya kupiga kura ya maoni Agosti mwaka ule haikupangwa na Wazungu. Nilikuwapo, nilisimama saa nne, na hakuna aliyeruka.

Mkasa wa tatu ni mdogo, wa nyumbani, nao ndio unaoninyima usingizi. Ni ile kauli ya mzee wa koti la kaki: mtoto akikosa, anachapwa. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na kifungu cha 53 cha Katiba kinamkinga mtoto na adhabu za kikatili. Kizazi changu kinasikia hayo na kucheka. Sisi tulichapwa na tuko sawa, ndiyo jibu letu. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu mmoja alikuwa na kipande cha mpira wa maji alichokipa jina kabisa, na aliyechelewa alichagua mwenyewe: mikono au makalio. Tukikutana leo, watu wazima wenye vitambi, hicho kipande cha mpira ndicho kichekesho cha kwanza. Tunakisifu. Tunasema ndicho kilichotufanya watu.

Hapo kipimo changu cha lalamiko kinayumba vibaya. Nimesema msikilize anayeonewa, na sasa walioonewa wenyewe wanaimba sifa za mpira. Ngaitana wangalau walikuwa na sherehe na hadhi mpya ya kutetea. Sisi tunatetea nini? Nimejaribu kujijibu kwamba mtu akiumia bila njia ya kulalamika, hujifunza kuyapenda maumivu ili asijione mjinga, na kwamba ndiyo maana lalamiko linahitaji mlango ulio wazi kabla hujasema halipo. Ni jibu zuri. Sina uhakika kama nimelipata kwa kufikiri au kwa kulihitaji.

Mama yangu anaishi nasi tangu mwaka jana, magoti yamemsumbua. Ni mwanafunzi wa shule za misheni za mwisho mwisho wa ukoloni, na katika suala la viboko yuko upande wa mzee wa koti la kaki bila kupepesa macho. Juzi Jumapili binti yangu wa miaka minane alimwaga uji juu ya kitambaa cha meza, tena kwa mchezo, baada ya kukatazwa mara mbili. Mama akaunyanyua mwiko. Mimi nilikuwa mlangoni, sijaamua bado kama nitasema kitu.

Mtoto hakukimbia. Akamtazama mkono, akauliza, "Shosho, na wewe ulikuwa unachapwa?"

"Sana," mama akasema. "Ndiyo maana nina adabu."

"Ulikuwa unasikia aje?"

Mama akanyamaza. Mwiko ukabaki juu kwa muda, uji ukidondoka kutoka mezani hadi sakafuni. Kisha akaushusha akaulaza kwenye sinki.

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto," akasema, si kwa mtoto wala kwangu. "Ukimwona anahamisha chaki upande wa kulia, unajua ni wewe." Akavuta kiti, akakaa, akanituma nilete kitambaa cha kupangusa.